Usitupe Draivu ya Sidi Kabla Hujamuuliza Shosho

Nitatoa maoni yangu kwanza, halafu mtanirukia mkipenda. Kama wewe ni Mkenya mwenye familia na unajijengea kompyuta ya mezani mwaka huu, weka draivu ya sidi. Ukiweza, weka mbili. Halafu ongeza diski ya kuhifadhi, kubwa kuliko ile unayodhani itakutosha.

Najua mtakachosema. Sidi ni mambo ya kitambo, siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Hata watengenezaji wa makasha ya kompyuta wamekubaliana na nyinyi, kwa sababu makasha mengi mapya hayana tena ile nafasi ya mbele ya inchi 5.25. Ni vioo na taa za rangi tu, kama matatu ya Rongai.

Lakini hebu niwaulize: video ya harusi ya wazazi wako iko wapi? Na ya mazishi ya babu yako? Na ile ya siku dada yako alimaliza chuo, nyumba nzima ikavaa vitambaa vya rangi moja? Kama ilipigwa kati ya mwaka 2000 na 2015 hivi, siamini iko mtandaoni. Iko kwenye sidi, ndani ya bahasha ya karatasi, ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati la mtu. Hivyo ndivyo tulivyoweka kumbukumbu katika nchi hii kwa zaidi ya miaka kumi. Msee wa video alikuja na kamera begani, akakula na wageni, na baada ya wiki tatu akaleta sidi mbili zenye picha ya maharusi juu. Hata muvi zetu za Riverwood, zile za kando ya River Road, tulizinunua hivyo hivyo.

Sasa zile deki za kuchezea zimekufa, laptopu mpya hazina tundu, na sidi zenyewe zinazeeka kimyakimya.

Mbuzi kumi na wawili

Niwaambie kilichonifanya nianze kuongea juu ya haya.

Binamu yangu anaolewa. Nyumbani kwetu upande wa Nyahururu, mambo ya ruracio hayachezewi. Mila ya Wakikuyu ni kwamba mzazi hapokei mahari ya binti yake kama mahari ya mama ya huyo binti bado ina deni. Kwa hivyo kabla wageni wa binamu yangu kupewa tarehe, wazee walikaa kuuliza: je, ruracio ya tata, yaani mama yake, iliisha?

Baba mkubwa akasema haikuisha. Mbuzi kumi na wawili bado. Mume wa tata akasema kwa heshima kwamba guka mwenyewe aliwasamehe hao mbuzi mbele ya watu, mwaka wa 2007. Guka alifariki 2012. Wazee wawili waliokuwa wasemaji siku hiyo pia wameenda. Shosho alipoulizwa alijibu, "Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wengine. Nani alituita tusikie?"

Kikao kikaisha vibaya. Tata alilia kwenye gari, si kwa sababu ya mbuzi, kwa sababu miaka kumi na nane baadaye bado watu walikuwa wanahesabu bei yake mbele ya watoto wake.

Ndipo shosho akakumbuka: "Si kulikuwa na kijana wa kamera?"

Kulikuwa naye. Nilimtafuta. Duka lake lilifungwa kitambo, na mashine zake aliziuza na diski zote ndani. Kilichobaki duniani ni nakala moja, kwenye mfuko wa shosho wenye sidi 43, ikiwa imeandikwa kwa kalamu tarehe na neno moja: "Ruracio". Binamu yangu alikuwa ameijaribu kwa draivu ya kuazima. Ilicheza vizuri mwanzo, ikafika karibu dakika ya hamsini, ikaanza kukwama, ikagoma. Na hotuba za wazee, kama kila mtu aliyewahi kuhudhuria sherehe anavyojua, huwa mwisho baada ya chakula.

Kwa nini mwisho ndio huharibika

Hii haikuwa bahati mbaya tu. Sidi na DVD huandikwa kutoka katikati kwenda nje. Mwanzo wa video uko karibu na lile tundu, mwisho uko ukingoni. Na ukingo ndio tunaoshika kwa vidole, ndio unaosugua bahasha, na mara nyingi ndipo rangi inayoshika data huanza kuchoka. Sidi za kuchomwa si kama zile za kiwandani zinazopigwa muhuri. Zina tabaka la rangi ambalo mwanga wa leza hulibadilisha, na rangi hiyo haipendi jua, joto wala unyevu. Ukinunua sidi za bei ya chini kwa bunda, na msee wa video alizinunua hivyo, hujui utapata miaka mingapi.

Kuna jambo lingine wengi hawajui. Kwenye sidi ya kawaida, ile ya megabaiti 700, data iko chini kidogo tu ya upande wa picha. Kukwaruza upande wa juu ni hatari kuliko kukwaruza upande unaong'aa. DVD ina afadhali kwa sababu tabaka la data liko katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6 kila moja. Ukitaka kuisafisha, chukua kitambaa laini, futa kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Usizungushe kama unayeosha sahani.

Mashine yenyewe

Mimi hutengeneza video, kwa hivyo mashine yangu niliijenga kwa ajili ya kuhariri. Kasha ni la mtumba, zito kama jiwe la kusagia, na nililichagua makusudi kwa sababu lina nafasi mbili za inchi 5.25 mbele na nne za inchi 3.5 ndani. Ndani kulikuwa na kadi moja ya NVMe ya gigabaiti 500 yenye Windows na programu zangu. Ni mbio sana, lakini kwa mtu wa video gigabaiti 500 ni kikombe cha chai. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa moja. Piga hesabu: kadi nzima ingekuwa tupu, bado isingefika saa kumi na mbili za video.

Kwa hivyo nilikuwa tayari nataka kuongeza diski. Suala la shosho lilinifanya nifanye kila kitu kwa mpigo mmoja: SSD ya SATA ya terabaiti 1 kwa kazi zinazoendelea, diski ya kuzunguka ya terabaiti 4 kwa kuhifadhi, na draivu mbili za DVD.

Wengi huniuliza kwa nini nisinunue SSD tupu. Jibu ni mfuko. NVMe hata ya kizazi cha PCIe 3.0 inaweza kusoma kama megabaiti 3,500 kwa sekunde, SSD ya SATA kama 550, na diski ya kuzunguka kama 150 hadi 250. Lakini video ya guka haihitaji mbio. DVD yenyewe hata kwenye mwendo wa 16x haizidi megabaiti 22 kwa sekunde. Ukitaka kuweka vitu vingi kwa muda mrefu kwa pesa kidogo, diski ya kuzunguka bado ndiyo punda wetu. Na SSD ikiachwa kabatini miaka bila stima inaweza kuanza kupoteza data, jambo ambalo halikufai kama mpango ni kuihifadhi na kuisahau.

Kuongeza diski bila kuita fundi

Sasa tufike kwenye kazi. Nasema hivi kwa wasichana hasa, kwa sababu kila nikienda Luthuli Avenue kuna mtu hunieleza kompyuta yangu kabla sijafungua mdomo: hii kazi ni bisibisi moja na utulivu.

Kabla ya kununua chochote, soma kitabu cha madabodi. Kama kilipotea, kiko kwenye tovuti ya mtengenezaji. Unatafuta vitu viwili. Kwanza, una soketi ngapi za SATA? Yangu ina nne. Pili, je, kuna soketi inayozimika ukitumia nafasi fulani ya M.2? Kwenye bodi nyingi hizi mbili hugawana njia moja. Kwenye yangu, nikiweka kadi ya NVMe kwenye nafasi ya pili, soketi moja ya SATA inalala. Mtu asiyejua hilo atarudisha diski dukani akisema ni mbovu, na diski haina makosa. Mimi nilihitaji soketi zote nne, kwa hivyo kadi ya NVMe imekaa nafasi ya kwanza na ya pili nimeiacha tupu.

Kisha piga hesabu ya stima. Diski ya inchi 3.5 hula kama wati 6 hadi 8 ikifanya kazi, lakini inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta wati 20 na zaidi kwa sekunde chache. Pawa saplai yangu ni ya wati 450 na kadi yangu ya picha ni ndogo, kwa hivyo nafasi ilikuwepo.

Zima mashine, chomoa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili stima iliyobaki itoke, halafu gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Kila diski ya SATA inataka kebo mbili: nyembamba ya data yenye pini 7 kutoka kwenye madabodi, na pana ya stima yenye pini 15 kutoka kwenye pawa saplai. Zote zina umbo la herufi L, haziingii kinyume. Ikikataa, igeuze, usiilazimishe. Waliotumia kompyuta za zamani wanakumbuka zile kebo pana kama utepe zenye pini 40, ambapo diski mbili ziligawana waya mmoja na ilibidi uhamishe kiplastiki kidogo nyuma ya diski kuamua ipi ni ya kwanza na ipi ya pili. Hiyo shida imeisha. Siku hizi kila diski na waya wake.

Diski ya kuzunguka ifungwe skrubu nne, isitikisike. Draivu ya DVD huingia kutoka mbele. Toa kile kifuniko cha plastiki, sukuma draivu mpaka uso wake ulingane na uso wa kasha, kaza pande zote mbili.

Hapa nina onyo moja ambalo nataka mlikariri. Kama pawa saplai yako ni ya zile za kuchomoa kebo, usitumie kebo za pawa saplai nyingine hata kama zinaingia vizuri. Upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna mpangilio mmoja wa pini. Kila mtengenezaji ana wake, na wakati mwingine mtengenezaji mmoja ana mipangilio tofauti kwa modeli tofauti. Rafiki yangu alipewa kebo na jamaa, ikaingia bila shida, akawasha, na diski mbili zikafa papo hapo na picha zote za kazi yake. Alisikia harufu tu. Pia jihadhari na vile vibadilishi vya bei ya chini vya kutoa moleks kwenda SATA, vile ambavyo plastiki imemiminwa juu ya waya. Vina historia ya kushika moto.

Ukishawasha, usishtuke kama diski mpya haionekani. Windows inaiona lakini haijaitambulisha. Fungua sehemu ya kusimamia diski, itakuuliza uchague MBR au GPT. Chagua GPT, kwa sababu MBR huishia terabaiti 2 na nusu ya diski yangu ingebaki kutazamwa tu. Hakikisha umeshika diski sahihi kabla ya kubonyeza chochote. Angalia ukubwa, angalia jina, angalia tena. Na usiseme umeibiwa ukiona terabaiti 4 imeandikwa 3.63. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Diski ni ile ile.

Kuhusu diski za mtumba: nyingi mtaani zimetoka kwenye mashine za CCTV, na zilikuwa zikizunguka usiku na mchana. Mwambie muuzaji aifungue kwa programu kama CrystalDiskInfo mbele yako. Angalia saa ilizofanya kazi, na angalia idadi ya sekta zilizohamishwa. Saa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu bila kuzimwa. Sekta zilizohamishwa zikianza kupanda, diski inaaga. Kwa kumbukumbu za familia, mimi nilinunua mpya. Draivu za DVD ndizo nilinunua mtumba.

Gunia la draivu

Fundi wa Luthuli alinicheka. "Siste, hizo ziko kwa gunia huko nyuma. Chagua unayotaka, shilingi mia tano." Zilikuwa zimetolewa kwenye kompyuta za ofisi, zimelala kama mahindi. Nikamwambia nataka mbili za watengenezaji tofauti. Akaacha kucheka, akauliza kwa nini.

Sababu ni hii, na ndiyo siri ya makala haya yote: draivu mbili hazisomi sidi mbovu kwa njia moja. Leza hutofautiana, programu ya ndani hutofautiana, uvumilivu hutofautiana. Mahali moja inakwama, nyingine hupita. Fundi alikubali kuzijaribu zote kwa sidi yangu nzima kabla sijalipa, na tulitupa tatu zilizogoma ndipo tukapata mbili nzuri.

Kwa sidi nzima, kazi ni rahisi. Unaingiza, unanakili mafaili yote kwenye diski, unasubiri. Video za familia hazina kufuli la kuzuia kunakiliwa. Na kuweni waelewa, naongelea video zetu za nyumbani, si muvi za watu. Kwa sidi mgonjwa usitumie njia hiyo, kwa sababu Windows itang'ang'ana na doa moja mpaka draivu ichoke. Nilitumia programu ya bure ya Linux inayoitwa ddrescue, nikawasha mashine kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yangu. Ddrescue ina akili ya mama mboga anayechagua nyanya: inachukua kwanza zote nzuri haraka, halafu inarudi polepole kwa zile zenye matatizo. Na huandika ramani ya kila mahali ilipofaulu na iliposhindwa. Kwa hivyo unaweza kuisimamisha, ukatoa sidi, ukaiweka kwenye draivu ya pili, na ikaendelea kutafuta yale mapengo peke yake.

Draivu ya kwanza ilifanya kazi usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na mapengo ya kama megabaiti 40. Nikahamisha sidi kwenye draivu ya pili, nikaenda kazini, nikarudi jioni: yamebaki megabaiti 6. Hayo 6 hayakurudi tena, na sikuyalilia.

Alichosema guka

Jumapili iliyofuata nilibeba faili kwenye laptopu mpaka Nyahururu. Shosho aliketi karibu na skrini kuliko mtu yeyote.

Picha ilivunjikavunjika mara mbili wakati wa kucheza. Halafu wazee wakaanza kuongea. Halafu guka akasimama. Kwa sekunde chache uso wake ulikuwa vipande vya miraba ya kijani, lakini sauti ilipita nzima. Alisema kwa Kikuyu, na naiweka hapa kwa maana yake: niliomba mbuzi, wameleta waliowapata, na hao waliobaki wakae huko kwao wawape maziwa watoto wa binti yangu. Asije mtu wa nyumba hii kuwafuata.

Watu wakapiga makofi. Na aliyekaa mkono wa kulia wa guka, akipiga makofi kuliko wote, alikuwa baba mkubwa.

Chumba kilinyamaza kabisa. Baba mkubwa aliitazama skrini kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Kumbe nilikuwa na nywele." Shosho akaanza kucheka, tata akafuata, na nyumba nzima ikacheka. Kisha baba mkubwa akaniambia kwa sauti ya chini, "Mami, hebu rudisha pale mzee anapoanza." Tukairudisha mara nne. Hakuna aliyetaja mbuzi tena siku hiyo. Tarehe ya binamu yangu ilitolewa kabla ya chai kuisha.

Sisemi baba mkubwa alidanganya. Miaka kumi na nane ni mingi, na kila mmoja wetu hukumbuka sherehe kutoka kwenye kiti alichokalia. Shosho alikuwa jikoni. Tata alikuwa amefunikwa leso, hakuulizwa chochote. Wanawake waliohusika zaidi ndio hawakuwa na ushahidi wowote, ila hiyo sidi moja iliyokuwa inaoza juu ya kabati. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia mambo ya kuhifadhi ni mchezo wa wapenda mashine.

"Lakini si kuna hifadhi ya mtandaoni?"

Ipo, na mimi naitumia. Lakini tuhesabu. Katika zile sidi 43 za shosho, 34 ni DVD za gigabaiti 4.7 na 9 ni sidi za kawaida. Hata zote zingejaa kabisa, hazifiki gigabaiti 170. Kwenye diski yangu ya terabaiti 4 hazichukui hata asilimia tano. Kuzipandisha mtandaoni kwa laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde ni kama siku tatu, usiku na mchana, stima isipotee. Kwa bando la simu usijaribu. Halafu utalipia kila mwezi, milele, na siku kadi yako ikikataa, hao si watu wa kumbembeleza kama mwenye nyumba.

Flashi nazo ni za kubebea vitu, si za kuvilaza. Na simu huibiwa, hilo sina haja ya kueleza mtu wa Nairobi.

Lakini pia diski moja ndani ya kompyuta moja si usalama. Ni kuhamisha mayai kutoka kikapu kimoja kwenda kingine. Wapiga picha wana kanuni wanayoiita 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Mimi nimefanya hivi: nakala ya kwanza iko kwenye diski ya terabaiti 4. Ya pili iko kwenye diski ya nje inayokaa kwa shosho, nami huileta mjini mara moja kwa mwaka kuikagua. Ya tatu ni sidi mpya za muhimu tu, nilizochoma mwenyewe kwa draivu zile zile za mia tano. Ndiyo, sidi tena. Ransomware haiwezi kufuta sidi iliyokwisha kuchomwa, na mtoto akibonyeza vibaya haifutiki.

Kazi ya wikendi

Kwa hivyo mkienda nyumbani, ulizeni ule mfuko uko wapi. Zihesabu sidi. Andika orodha kwenye daftari, kwa sababu mzee akiondoka hutajua nani ni nani kwenye picha. Usibandike karatasi juu ya DVD, inayumba ikizunguka. Usiandike kwa kalamu ya bolpeni, tumia ya wino laini.

Halafu panga nani aanze. Watu huanza na harusi kwa sababu zinapendeza. Mimi nasema anza na zile ambazo sauti iliyomo haipo tena mahali pengine popote. Harusi yenye maharusi wote wawili hai inaweza kungoja mwezi mmoja. Mzee aliyekufa hawezi kurekodiwa upya.

Kama huna draivu, tafuta aliye nayo, au panda mpaka Luthuli na shilingi mia tano. Kama kasha lako halina nafasi, kuna draivu za nje za USB, zinafanya kazi poa. Na kama wewe ndiye mwenye mashine kwenye ukoo wenu, jiandae: watakuletea mifuko. Mimi nimeshaletewa minne, na mmoja una kanda za VHS ndani. Hizo ni hadithi ya siku nyingine, na mashine nyingine kabisa.

Niambieni: kwenu mfuko uko wapi, juu ya kabati au chini ya kitanda?